Menyu Iliyochemsha Kadi

Hapo zamani za kale, na najua kwa wengi wenu mwaka 2010 ni zamani za kale kwelikweli, watu walikuwa wakisubiri gemu moja. Waliisubiri miaka kumi na miwili. StarCraft ya kwanza ilitoka mwaka 1998, watoto walioicheza wakakua wakawa watu wazima wenye mishahara, na ndipo Julai 27, 2010, kampuni ya Blizzard ya California, Marekani, ikatoa StarCraft II.

Hazikupita siku nyingi malalamiko yakaanza. Kompyuta za watu zilikuwa zikizima ghafla. Feni inavuma, skrini inajaa mistari ya rangi, kisha giza. Wengine wakasema kadi zao za grafiki hazikuamka tena. Mpaka hapo hakuna la ajabu, maana gemu mpya huzilemea kompyuta za zamani kila mwaka. Kilichowachanganya watu ni mahali mkasa ulipotokea. Walipigana vita nzima, majeshi mawili yakirushiana moto skrini nzima, na kompyuta ikavumilia. Halafu wakarudi kwenye menyu, wakainuka kwenda kula, wakaiacha skrini ikionyesha vitufe vichache na picha ya nyuma. Kompyuta ikazimikia hapo. Vitani salama, mapumzikoni inaungua.

Mnaopenda mafumbo, simameni kidogo mlifikirie hili kabla hamjaendelea kusoma.

Kazi ya kadi ya grafiki ni kuchora. Kila picha moja inayoichora huitwa fremu, na fremu zikipita haraka macho yetu huona mwendo. Skrini ya kawaida yenye nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu ina nukta zaidi ya milioni mbili, na kila nukta lazima ipewe rangi yake. Ukicheza kwa fremu 60 kwa sekunde, kadi inapaka rangi nukta zipatazo milioni 124 kila sekunde. Na nyingine hupakwa zaidi ya mara moja kabla fremu haijakamilika, kwa sababu ya vivuli, moshi na maji yanayong'aa.

Sasa, kadi haijui kuchoka wala haijui kutosheka. Ikimaliza fremu moja inaanza nyingine. Usipoiambia ikome, haikomi.

Vitani kuna kinachoichelewesha. Kabla kadi haijachora, prosesa kuu ya kompyuta lazima iamue kila askari anapita wapi, risasi ya nani imempata nani, na nani amekufa. Katika gemu kama StarCraft II hesabu hizo ni nyingi mno, kwa hiyo kadi hukaa ikisubiri kuambiwa cha kuchora, na katika kusubiri inapumua. Kwenye menyu hakuna wa kusubiriwa. Picha ni nyepesi, kadi inaimaliza kufumba na kufumbua, inaichora tena ileile, na tena, mamia ya mara kwa sekunde. Skrini nyingi za wakati ule zilikuwa na uwezo wa kuonyesha fremu 60 tu kwa sekunde. Zilizozidi zilitupwa bila jicho la mtu kuziona, ila joto lake lilibaki ndani ya kompyuta.

Blizzard walieleza jambo hilo waziwazi, kwamba skrini zenye mambo machache huifanya kadi ichore kwa kasi kupita kiasi, na kompyuta ambayo upoozaji wake hautoshi inaweza kuzidiwa. Wakawaelekeza wachezaji wafungue faili dogo la maandishi liitwalo variables.txt na kuongeza mistari miwili: frameratecap=60 na frameratecapglue=30. Mstari wa kwanza unaiambia gemu isivuke fremu 60 kwa sekunde wakati wa mchezo, na wa pili isivuke 30 ikiwa kwenye menyu. Dawa ilikuwa hiyo. Haikuhitaji kununua feni.

Watu walibishana sana nani mwenye kosa. Wengine walisema gemu imeua kadi zao. Wengine wakajibu kwamba kadi nzima, safi, iliyofungwa vizuri, inatakiwa kufanya kazi kwa nguvu zake zote hata usiku kucha bila kudhurika. Mimi nakubaliana na hao wa pili, lakini bado nauliza: kwa nini umfanyishe kazi usiku kucha mtu ambaye kazi yake unaitupa jalalani? Swali hilo ndilo ninalotaka mlishike, maana mtu akisikia kadi yake inachemka, wazo la kwanza ni kununua kitu. Kwanza angalia ni kazi gani ya bure unayoifanyisha.

Joto lenyewe linatoka wapi? Ndani ya chipu kuna transista, swichi ndogo zisizoonekana kwa macho, na kila zinapowaka na kuzima hutumia umeme kidogo. Umeme huo haupotei. Karibu wote hugeuka joto. Kiasi kinachotumika kinategemea mambo mawili makubwa, yaani kasi ya swichi na volti zinazozisukuma. Kasi ikiwa mara mbili, umeme nao huwa mara mbili. Volti ni mkorofi zaidi, kwa sababu katika hesabu hiyo hujizidisha kwa yenyewe. Ukipunguza volti kwa asilimia 10 tu bila kugusa kasi, umeme unaoliwa na swichi hizo hushuka kwa asilimia 19. Chukueni kalamu mzidishe 0.9 kwa 0.9 muone.

Mwaka huohuo wa 2010, mwezi Machi, NVIDIA walitoa kadi ya GeForce GTX 480 yenye transista bilioni tatu. Ilikula wati 250, ilivuka nyuzi joto 90 ikifanya kazi, na ikawa mada ya utani wa kukaanga mayai. Wakati ule tulidhani huo ndio mwisho wa ukatili. Oktoba 2022 ikaja RTX 4090 yenye transista bilioni 76.3, inayoruhusiwa kula hadi wati 450.

Tuipime na kitu kilichopo jikoni. Sahani ya jiko la umeme yenye kipenyo cha sentimita 18 na nguvu ya wati 1500 hutoa kama wati 6 katika kila sentimita moja ya mraba. Chipu ya RTX 4090 ina eneo la milimita za mraba 608, yaani kama sentimita mbili na nusu kwa mbili na nusu. Tuseme wati 150 zimekwenda kwenye kumbukumbu na saketi za pembeni, zikabaki 300 kwenye chipu. Hizo ni karibu wati 50 kwa kila sentimita ya mraba, mara nane ya jiko! Jiko linaruhusiwa kuwa jekundu. Chipu hairuhusiwi hata kukaribia joto hilo. Kwa hiyo joto lake lazima liondolewe upesi kadiri linavyozaliwa, bila kusitasita, kwa saa zote unazocheza.

Safari ya joto hilo ni hadithi ndani ya hadithi. Juu ya chipu kunakaa kipande cha shaba. Ukivitazama vyote viwili utaapa kwamba ni laini kabisa, kumbe vina mabonde madogo yasiyoonekana, na mabonde hayo hujaa hewa. Hewa hupitisha joto vibaya kuliko shaba zaidi ya mara elfu kumi. Ndiyo maana fundi hupaka pesti ya joto katikati, ile dawa ya kijivu, ili ichukue nafasi ya hewa. Pesti yenyewe si bora kuliko shaba, hata kidogo. Ni bora kuliko hewa tu. Miaka ikipita hukauka au husogea pembeni, na kadi ileile iliyokuwa ikicheza gemu ileile kwa nyuzi 72 inaanza kufika 85.

Kutoka kwenye shaba joto huingia katika mabomba membamba ambayo mtu akiiona kadi anadhani ni vyuma vitupu. Si vitupu. Bomba hilo limenyonywa hewa, likatiwa maji kidogo sana, likafungwa. Ukutani kwake ndani kuna utambi uliotengenezwa kwa unga wa shaba. Kwa kuwa hewa imeondolewa, maji hayangoji nyuzi 100 ndipo yachemke. Yanachemka mapema upande wa chipu, mvuke unakimbilia upande wa baridi, unageuka maji tena na kuachia joto, kisha utambi unayanyonya maji kuyarudisha yalikotoka. Hakuna mota wala umeme, na hakuna kinachozunguka isipokuwa maji yenyewe. Unapocheza gemu nzito, ndani ya kadi yako kuna maji yanayochemka, na hakuna mtu aliyewahi kukuambia.

Kifaa hicho kina baba zaidi ya mmoja. Richard Gaugler wa General Motors alisajili wazo la namna hiyo miaka ya 1940, likabaki kwenye makaratasi. Mwaka 1963 George Grover, mwanafizikia wa maabara ya Los Alamos huko New Mexico, alilibuni upya bila kumfuata Gaugler, kwa sababu alitaka njia ya kusafirisha joto ndani ya vyombo vya anga za juu, mahali ambapo maji hayajui chini wala juu. Leo chombo hicho kiko kwenye laptopu ya mwanafunzi wa Kibaha.

Baada ya mabomba kuna mapezi ya alumini, bati nyembamba nyingi zilizopangwa karibukaribu, na feni inayopuliza hewa kati yake. Hapo joto hutoka kwenye kadi na kuingia chumbani. Ndiyo, chumbani kwako. Kadi inayokula wati 300, ukicheza saa tatu na dakika ishirini, imekula yuniti moja nzima ya umeme wa LUKU, na yuniti hiyo yote imegeuka joto la chumba. Nayo kadi haiwezi kuwa baridi kuliko hewa inayopulizwa ndani yake. Dar es Salaam mwezi wa Januari, chumba kikiwa na nyuzi 32, unaanza mbio ukiwa umeachwa nyuzi kumi na mwenzako aliyeko kwenye chumba cha nyuzi 22. Wa Nairobi nao wasijigambe sana. Baridi wanayo, lakini kwa kimo kile hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15, kwa hiyo kila mzunguko wa feni unabeba hewa pungufu.

Kadi si mjinga, hata hivyo. Ina vipima joto ndani yake na hujipunguzia kasi inapoona hatari. Tangu mwaka 2012, GTX 680 ilipokuja, kadi za NVIDIA hupandisha na kushusha kasi zenyewe kwa kuangalia joto na umeme, na nyingi huanza kujizuia karibu na nyuzi 83. Mwaka 2013 AMD walitoa Radeon R9 290X iliyopangwa kwa makusudi ifanye kazi kwenye nyuzi 95, na watu wakashtuka bure. Ulinzi ukizidiwa, kadi huzima kila kitu. Kwa hiyo gemu ikianza kukwamakwama baada ya dakika ishirini za mchezo ilhali mwanzoni ilikwenda vizuri, mara nyingi ni kadi inajiokoa.

Lakini ulinzi nao hutegemea maagizo. Machi 2010, mwezi uleule wa GTX 480, NVIDIA walitoa draiva, yaani programu inayoiongoza kadi, namba 196.75 iliyokuwa na kasoro. Kwenye baadhi ya kompyuta feni haikuongeza kasi kadi ilipopata moto. Chuma kilikuwa kizima, feni nzima, pesti nzima. Maandishi ya programu ndiyo yaliyokosea. Waliiondoa baada ya siku chache.

Kisha, miaka kumi na moja baada ya StarCraft II, historia ikajirudia kwa bei ya juu zaidi. Julai 2021 Amazon walifungua majaribio ya gemu yao New World. Baadhi ya wachezaji wenye RTX 3090, kadi ya dola 1,500 na zaidi, nyingi zikiwa za kampuni ya EVGA, waliona kadi zikifa, wengine wakiwa kwenye menyu tu. Amazon wakaweka kikomo cha fremu kwenye menyu. EVGA walipozichunguza kadi walizorudishiwa, walikuta kasoro ya uchomeleaji kwenye sehemu za kudhibiti umeme, katika kundi dogo la kadi. Basi gemu haikuwa muuaji. Ilifichua ufa uliokuwapo.

Ufa wa aina hiyo una ndugu maarufu. Xbox 360 ilitoka Novemba 2005, na nyingi zikafa zikionyesha taa nyekundu mbele. Julai 2007 Microsoft walitangaza kutenga zaidi ya dola bilioni moja kwa matengenezo. Baadaye walieleza chanzo: si ukali wa joto peke yake, bali kupata moto na kupoa, kupata moto na kupoa, kila mashine ilipowashwa na kuzimwa. Vitu hutanuka na kusinyaa, na viungio vidogo chini ya chipu vikakatika.

Haya, wanangu, turudi kwenye mashine zenu.

Pima kwanza. Kwenye Windows, tangu toleo la mwaka 2020, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia sehemu ya utendaji ya Task Manager, na joto la kadi litakuwa limeandikwa hapo. Kwa kompyuta ya mezani inayocheza gemu nzito, nyuzi 65 hadi 80 ni afya njema. Laptopu huishi juu zaidi, na 85 kwake si msiba. Ikiwa kadi ya mezani inakaa juu ya 85 muda wote, au imepanda mno kuliko mwaka jana kwa gemu ileile, hapo kuna jambo.

Kisha weka kikomo cha fremu. Gemu nyingi za sasa zinacho kwenye mipangilio, na draiva za NVIDIA na AMD zinacho pia. Skrini yako ikiwa ya hezi 60, yaani inaonyesha fremu 60 kwa sekunde, fremu 200 hazikuongezei picha. Wachezaji wa mashindano watanibishia kwamba fremu nyingi hupunguza kuchelewa kati ya kidole na skrini. Ni kweli, na wao wana sababu ya kulipa joto hilo. Wewe unayeendesha lori la gemu mlimani huna.

Mwenye subira anaweza kupunguza volti kwa programu kama MSI Afterburner, hatua ndogondogo, akijaribu gemu kila hatua. Volti zikipungua mno gemu itaanguka, basi utarudi hatua moja nyuma. Kuongeza volti ni habari nyingine, na hiyo waachieni wenye fedha za kununua kadi ya pili.

Vumbi nalo. Dodoma linajaa upesi, pwani linakuja na chumvi na unyevu vinavyoleta kutu. Zima kompyuta, chomoa waya, peleka nje, puliza kwa bloa. Shika panga za feni kwa kidole zisizunguke, maana upepo wa bloa huzizungusha kupita kasi ziliyoundiwa na kuharibu beringi. Kompyuta isifungiwe kwenye kabati, itavuta hewa ileile iliyoitema. Na kile kitambaa cha kufumwa ambacho mama amekitandika juu ya kompyuta kipendezeshe sebule, kikiwa kimeziba matundu, muombeni kwa adabu kihamie kwenye redio. Laptopu isilazwe kitandani wakati wa kucheza. Matundu yake ya kuvutia hewa mara nyingi yako chini. Wala msiiweke laptopu kwenye friji, ninawaomba. Mtakapoitoa, unyevu wa hewa utageuka matone juu ya saketi, na maji ya hapo si yale ya ndani ya bomba.

Kubadilisha pesti ni ya mwisho, na kwa mara ya kwanza ifanyeni mbele ya fundi. Mwulizeni kama ana pedi za joto za chipu za kumbukumbu, zenye unene uleule wa zamani. Akisema unene wowote unafaa, chukueni kadi yenu mwende kwa mwingine, kwa sababu pedi nene kupita kiasi huinua kile kipande cha shaba kisiguse chipu sawasawa.

Wengi wenu, najua, mnachezea kwenye simu. Simu ina chipu ya grafiki pia, lakini kwa kawaida haina feni wala mapezi. Joto lake hutoka kupitia mwili wa simu, mgongo na skrini, hadi kwenye kiganja chako. Ikizidiwa hupunguza fremu na kufifisha skrini katikati ya mapambano, na betri huzeeka upesi ikikaa kwenye joto. Vueni kava nene kabla ya kucheza, msicheze simu ikiwa kwenye chaji kwa kuwa kuchaji nako huzaa joto lake, na ingieni kwenye mipangilio ya gemu, mahali palipoandikwa kiwango cha fremu, mkishushe kutoka cha juu kabisa hadi cha kati. Chezeni hivyo mechi mbili tatu kabla hamjanibishia.